Rufaa ya Kinanda

Namsifu,

Barua huanza kwa salamu. Hii haina. Salamu ni za watu waliopatana, na mimi na wewe hatujapatana tangu siku uliponiitia kikao ndani ya nyumba yangu, kwenye viti vyangu, ukawachemshia watu chai kwa sukari yangu ili wanihukumu vizuri.

Kesho unaondoka kwenda kuanza kazi. Nakusikia chumba cha pili unapigana na zipu ya begi. Sikuja kukusaidia na sitakuja. Mambo ya neti na maji ya kuchemsha sikuandikii, wewe ndiye nesi. Mambo ya wanaume sikuandikii pia, umeshavuka umri wa kuambiwa, na hata ningekuambia ungeniitia kikao kingine. Nakuandikia jambo moja tu, la kinanda, kwa sababu siku ile nilinyamaza. Mwanamke aliyeuza tangawizi mbele ya madalali wa Dar es Salaam mpaka nywele zikaota mvi hajazoea kuinuka mezani akiwa amenyamaza.

Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwamba Mpare akikosa kesi anaumwa kichwa. Waache watanie. Hii ni rufaa yangu. Mlalamikaji ni wewe, shahidi ni wewe, na hakimu ni wewe. Sijawahi kuona mahakama ya namna hiyo, lakini ndiyo niliyobaki nayo.

Nianze na uliyoyasema, maana uliyasema vizuri. Baba yako mkubwa alipokuuliza shida yako ni nini, ulisimama, ukakunja mikono nyuma. Mtu angedhani nimeuza shamba la ukoo.

Ulisema nafunga duka jua likiwa bado juu ili niende kwenye kinanda. Kweli. Ulisema siku ya kupakia lori nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mvua ikanyesha, magunia manne ya tangawizi kavu yakalowa uani. Kweli. Hukusema kwamba mvua hapa Same ni mgeni asiyepiga hodi, wala kwamba turubai lilikuwa limekunjwa chini ya kiti ulichokuwa umekalia unachezea simu. Lakini kweli. Tangawizi ikilowa mara ya pili huota ukungu na hakuna mnunuzi mwenye pua atakayeigusa. Mzigo ulikuwa wangu, kosa ni langu, nimelibeba bila kumtwika mtu. Ulisema kwenye kwaya nakaa na wanaume. Hilo nalo kweli. Sauti yangu ya kwanza iliondoka na ujana, ya pili inanipa shida siku za vumbi, kwa hiyo naimba ya tatu, na wanaoimba ya tatu ni wanaume. Ulitaka nikae wapi, madhabahuni?

Halafu ukasema watu wanacheka. Hapo ndipo ulipowafurahisha. Shangazi yako Nakiete, ambaye tangu kaka yake, yaani marehemu baba yako, atuache, hajawahi kukanyaga dukani kwangu ila kuomba kupimiwa cha bure, aliweka kikombe chini akasema, "Wifi, hivi hiyo kwaya imekosa wasichana?" Wakacheka. Akaongeza kwamba muuza nyama wa jirani amemsimamisha njiani kumuuliza, yule mama wa tangawizi ameokoka au ameposwa? Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nahesabu. Mlikuwa saba pale sebuleni ukinitoa mimi, na wote nawajua kanisani. Watano kati yenu hawawezi kupiga makofi sawa na wenzao mpaka wimbo uishe. Hao ndio waliokaa kuamua habari ya muziki.

Hayo yote nilikuwa na majibu yake. Nilikuwa nimeyapanga kichwani, hili la kwanza, hili la mwisho, na moja la shangazi yako peke yake ambalo hata sasa linaniwasha ulimi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu tu. Kisha baba yako mkubwa akakuuliza kama una neno la kumalizia. Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, ukasema polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima:

"Mama, kuimba kunalisha nani?"

Majibu yangu yote yakaruka. Baba yako mkubwa akasafisha koo, akasema, "Shemeji, mtoto ameuliza." Nikasema nimesikia. Kisha nikaahidi mbele yenu, kwa mdomo wangu, kwamba Jumapili ya mavuno sitapiga kinanda kwenye kanisa la mlimani kama nilivyokuwa nimealikwa, na kwamba kile changu cha stoo nitakifunika. Wakashukuru Mungu. Ukaniletea chai. Sikuinywa.

Wale walidhani umeuliza swali. Mimi na wewe tunajua ulilitoa wapi.

Ulikuwa darasa la sita. Shule yenu ilikuwa inakwenda Moshi kuimba kwenye mashindano. Ulikuja dukani asubuhi umevaa sketi iliyonyooshwa pasi na soksi nyeupe ulizoazima kwa rafiki yako, umekuja kuaga. Siku hiyo mzigo wa mlimani ulikuwa umeshuka wote kwa pamoja, wakulima wamejaa uani, na msichana aliyekuwa akinishikia mizani hakutokea. Nikakuuliza nani atashika mizani. Ukasema, "Mama, mwalimu amesema mimi ndiye ninayeanzisha." Hukulia. Uliniambia tu, kama mtu anayeeleza jinsi gari lisivyoweza kuondoka bila dereva. Na mimi, kalamu sikioni, bila hata kukutazama, nikasema lile neno. Kuimba kunalisha nani.

Ulivua soksi ukazitia mfukoni, ukashika mizani. Ulipima mzigo wote mpaka wa mwisho bila kukosea hata kilo. Wakulima wakakusifia, na mimi nikakusifia mbele yao, nikasema mtoto huyu ana kichwa. Nilidhani nimekupa kitu. Tangu siku hiyo hujaimba. Nimekaa nawe benchi moja kanisani, najua. Unafungua kitabu ukurasa uleule na watu, unafunga mdomo.

Kwa siku ile ya mizani nakuomba radhi. Nimeandika mara moja na sitarudia, maana radhi ikirudiwa inageuka kuwa kuombaomba. Lakini kwa kinanda sikuombi radhi hata kidogo. Hayo ni mambo mawili, na wewe kwenye kikao uliyatia gunia moja ukalishona mdomo. Kilichokuuma si duka kufungwa mapema. Kilichokuuma ni kwamba kitu nilichokunyima wewe nimejipa mimi mwenyewe, tena uzeeni, tena kwa furaha, tena kwa sauti. Ungesema hivyo, ningekuheshimu. Ungekuja jikoni tukiwa wawili ukaniambia, Mama, wewe ni mchoyo, ningekaa chini. Badala yake ukatafuta shangazi wa kukuchekea.

Sasa nikueleze kitu ambacho hata kikao kizima kisingenitoa mdomoni. Umekua ukijua kwamba babu yako, baba yangu mimi, ndiye aliyenikataza kinanda. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi. Niliisimulia hata kwenye msiba wake, watu wakatikisa vichwa wakasema wazee wa zamani walikuwa wakali. Ni uongo.

Kanisa letu kule juu ya Gonja lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile cha zamani, unapiga kwa mikono huku miguu inasukuma upepo. Mwinjilisti Elisante ndiye aliyekijua, na katika watoto wote alinichagua mimi kunifundisha. Alikuwa anaandika do re mi ubaoni kwa chaki, na mimi naitafuta kwa vidole. Babu yako alikuwa akinisindikiza mazoezini, kwa sababu njia ilikuwa inapita msituni. Hakuwa anaingia. Alikaa nje kwenye jiwe, anatafuna muwa, ananingoja, na tukirudi nyumbani hakuniuliza nimepiga nini, ila alikuwa anaunguruma ule wimbo njia nzima, tena kwa kukosea. Huyo ndiye mtu niliyemtangaza kuwa alinikataza.

Hakuna aliyenikataza. Wanunuzi wa tangawizi walikuja, nikabeba mzigo wa kwanza kuteremka nao, nikalipwa mkononi mwangu. Sikuwahi kulipwa kabla. Nikakosa mazoezi mara moja, nikakosa tena. Mwinjilisti akatuma mtu kuniuliza kulikoni, na mimi nikaona aibu kusema nimependa hela kuliko kinanda. Nikasema baba hataki. Mwinjilisti alikuwa mtu wa adabu, hakumwendea. Watu wa kwaya wakaanza kumsalimia baba kwa ubaridi, wengine wakawa wanageuza uso wakikutana naye, na yeye hakujua sababu. Aliniuliza mara moja, "Hivi nimewakosea nini wale watu?" Nikasema sijui, labda ni mambo ya mipaka ya mashamba. Akaamini, maana kwetu mipaka ya mashamba inaeleza kila kitu. Amekufa akiamini hivyo.

Mtu akiacha kitu anachokipenda bila kulazimishwa, lazima ajitafutie sababu yenye heshima. Nilijipatia hiyo. Kuimba kunalisha nani. Kabla sijakutwisha wewe niliibeba mwenyewe, na ilinisaidia sana. Ilinishusha mlimani, ikanijengea nyumba hii, ikakusomesha uuguzi. Siitukani. Lakini ni sentensi ya mtu anayekimbia, na nilikupa ukiwa mtoto ambaye hakuwa na kitu cha kukimbia.

Nimerudije kwenye kinanda, hilo hukuwahi kuniuliza. Ulikuja likizo ukakuta tayari napiga, ukashtuka kama umemkuta mama yako na sigara. Ilikuwa hivi. Kwaya ya mtaa wetu walikuwa wanabadilishiwa paa la kanisa, wakaleta kinanda chao cha umeme nikitunze stoo, pakavu. Nikakifunika shuka. Siku moja nimebaki peke yangu, wapakiaji wameondoka, nikalifunua shuka nikajiambia naangalia kama panya hawajakata waya. Nikakichomeka. Nikaweka mkono. Wimbo wa mavuno ukatoka, ule wa kwetu, mkono wa kulia tu, umechechemea lakini umetoka. Paa la kanisa likaisha, wakaja kuchukua mali yao, na mimi nikawaambia waje wiki ijayo, na ijayo nikawaambia waje nyingine, mpaka mwenyekiti wao akasema, "Mama Namsifu, tununulie kingine au ujinunulie chako." Nikajinunulia changu.

Mwalimu wangu unamjua, Mwalimu Sifa, yule anayefundisha watoto wa darasa la kwanza. Ananifundisha hivyohivyo, kama wa darasa la kwanza. Siku ya kwanza nilimpigia ule wimbo wa mavuno nikijua atashangaa. Hakushangaa. Akasema, "Mama, umeruka nota."

Nikasema sijaruka.

"Piga tena."

Nikapiga.

"Umeruka tena. Unatoka so, unatakiwa upande la, halafu ndiyo uende do. Wewe unarudia so mara mbili."

Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akasema sivyo. Nikamwambia binti, wimbo huu nimeupiga kanisani kabla mama yako hajaolewa. Tulibishana mpaka wapakiaji wakaja mlangoni kusikiliza. Mwisho akafungua kitabu cha nyimbo akanionyesha, na pale nilipokuwa narudia so, palikuwa pameandikwa la.

Nikakaa pale kwenye gunia, na ndipo nikakumbuka. Kile kinanda cha Mwinjilisti Elisante kilikuwa na kibao kimoja kilichokufa, katikati palepale. Ukikibonyeza kinatoa pumzi tu, kama mzee anayepuliza uji. Fundi wa kukitengeneza hakuwepo. Na mwinjilisti alijua kupiga kwa kuanzia mahali pamoja tu, kwa hiyo kila wimbo, ile la ya katikati ilikuwa ndiyo hiyo iliyokufa. Basi alitufundisha kuiruka, tunarudia so. Na ili waimbaji wasigombane na kinanda, akawafundisha nao kuimba so. Mimi sikuwahi kujua kwamba kwenye wimbo wenyewe kuna kitu hakipo. Nimekuja kuwekewa mbele kinanda kizima, kila kibao kinalia, na kidole changu bado kinaruka mahali pale, kinaogopa shimo lililobaki mlimani.

Mwalimu Sifa akaniuliza nani alinifundisha hivyo. Nikamwambia kinanda kibovu. Hakucheka. Alinishika kidole akakiweka kwenye la, akakikandamiza. Nilikasirika sana siku ile, nikawafokea wapakiaji bila kosa.

Ulisema mbele ya watu kwamba ninapoteza akili zangu. Hukutumia neno hilo, ulitumia neno la hospitali, lakini nilielewa, na mwenye akili pungufu hakokotoi mzigo wa lori kwa kichwa wakati wewe unatafuta kikokotoo kwenye simu. Nikuambie ninachopoteza kweli. Mkono wangu wa kushoto ni mzito, unafika baada ya wimbo kupita. Viungo vya vidole vimevimba kwa kumenya na kukata tangawizi. Kupumua kwangu ni kwa mtu aliyekula vumbi la stoo. Sentensi ndefu ya wimbo naimaliza kwa mkopo. Hesabu za muziki, ndiyo, hizo nilizishika mara moja. Mwalimu anasema mapigo yangu ni sawasawa kama mizani. Mengine yote mimi ni mbovu. Na hilo ndilo ninalolipenda, ambalo ninyi saba msingelielewa. Tangu nishuke mlimani sijawahi kupata nafasi ya kuwa mbovu wa kitu. Ningekuwa mbovu wa bei, tungelala njaa. Ningekuwa mbovu wa kusoma watu, wangeniibia. Kwenye kinanda nakosea, hakuna anayekufa njaa, narudia. Saa ile hakuna mtu anayenipunguzia bei wala ninayempunguzia. Kuimba kunalisha nani, sijui. Nimetafuta jibu la kukupa tangu siku ya kikao na sijalipata, na nimechoka kulitafuta. Siyo kila kitu unachokipenda kinadaiwa maelezo mbele ya shangazi.

Nilitimiza ahadi yangu. Uliona. Kinanda nilikifunika turubai, lilelile la mvua. Ulifikiri umenishinda, ukawa mpole, ukanipikia makande. Nami nilikuwa nanyamaza siyo kwa sababu nimekubali, bali kwa sababu mtu akikurudishia neno lako mwenyewe huna pa kulitupa.

Halafu juzi nikapanda Gonja kufuata mzigo. Wakati wanapakia nikasikia kwaya ya kule inafanya mazoezi ya Jumapili ya mavuno, nikaenda nikasimama dirishani. Kile kinanda cha kukanyaga hakipo. Mchwa walikimaliza zamani, ubao wake mmoja umefanywa rafu ya vitabu. Mwinjilisti Elisante yuko makaburini. Waimbaji walio wengi ni wasichana na vijana ambao hawajawahi kukiona. Wakafika pale mahali, na wote, kwa pamoja, bila mtu kuwaambia, wakaruka. So, so, do.

Nikasimama pale nikiwa na kamba ya kufungia magunia mkononi. Kinanda kimekufa, aliyekipiga amekufa, na watoto wa watoto bado wanazunguka shimo. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kile kinanda. Nilisaidia kulichimba.

Sitakuambia nilifikiria nini kuhusu nyumba yetu. Una akili.

Nikaingia ndani nikamwambia mama anayeongoza kwaya kwamba Jumapili ya mavuno nitakuja kupiga kama nilivyoalikwa, ila pale mahali nitapiga la. Akasema, "Lakini Mama Namsifu, sisi huku tunaimba hivi tangu zamani." Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyekuwa nawapigia. Akanitazama kama shangazi yako. Akasema wazee hawatapenda, watapotea katikati ya wimbo, na siku ile kanisa linajaa, watu wanatoka mpaka Dar kuja kununua ndizi na kuku kwenye mnada wa mavuno. Nikasema watapotea kidogo, watarudi. Hakunikubalia wala hakunikatalia. Alisema tu, "Haya, utakuja na kinanda chako." Kwetu hiyo ni ndiyo yenye kesi ndani yake.

Kabla ya kurudi Same nikapita kwa baba yako mkubwa, maana siyo mimi wa kuvunja ahadi kimyakimya. Nilimkuta anafunga mbuzi. Nikamwambia shemeji, ile ahadi nimeirudisha.

"Kikao kilishaamua, shemeji."

"Kikao kiliamua. Mimi nilinyamaza tu."

"Basi tutakaa tena."

"Kaeni. Mimi siku hiyo nitakuwa nje ya mji, napiga kinanda."

Akaendelea kufunga mbuzi. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, kama ule wimbo ni ule wa zamani. Nikasema ndiyo. Akasema alikuwa anaupenda, lakini kuna mahali ulikuwa unamkwaza tangu ujana wake na hakuwahi kujua ni kwa nini. Sikumweleza. Alinihukumu, acha akasikie mwenyewe.

Kwa hiyo ujue, unaondoka ukiwa umeshindwa rufaa. Sitaki uondoke ukidhani nimenywea.

Huko uendako utafanya zamu, utachoka, utapata siku ya mapumziko na hutajua la kufanya nayo, maana mimi sikukufundisha siku ya mapumziko. Nilikufundisha mizani. Utafua, utapanga chumba, utafua tena nguo safi. Sikuambii uimbe. Ukiimba ili kunifurahisha nitajua hata nikiwa huku, na nitakasirika. Nakuambia tu kwamba siku utakayotamani kitu kisicholisha mtu, na ukasikia sauti inakuuliza kinalisha nani, ujue ni sauti yangu, na kwamba nimeshaikana kwa maandishi. Usiitii. Na wala usimwambie mtu mwingine neno hilo, hata mgonjwa wako, hata mtoto wako atakapokuja kukuaga amevaa soksi za kuazima.

Bado nina hasira nawe. Ningeweza kusema zimeisha kwa kuwa unaondoka, watu hufanya hivyo, lakini ningekuwa nimekudanganya kama nilivyomdanganya babu yako. Ulinivua nguo mbele ya wifi yangu. Hilo litachukua muda, na wewe nawe mizani yako imechukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo sina haki ya kukuharakisha.

Alfajiri nitakuamsha. Nitakupeleka stendi kwa pikapu, na tutanyamaza njia nzima kama tulivyozoea. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na juu ya bahasha nitaandika uisome basi likishapita Mwanga, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kubishana. Kama una neno usinipigie siku hiyohiyo. Kaa nalo kwanza.

Jumapili ya mavuno ukipiga simu saa nne asubuhi sitapokea, mikono yangu itakuwa na kazi. Piga jioni. Nitakuambia kama walicheka.

Mama yako